Mstaafu asisafiri kwa msiba tu

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea nanyi juu ya chanjo za watoto, lishe ya mama mjamzito, kifua kikuu na magonjwa ya kuhara. Mwezi huu tungependa tuwageukie baba na mama, babu na bibi, wale waliokwisha kuliaga daftari la mahudhurio kazini. Tena hatutaanza na magonjwa yao. Tutaanza na matembezi yao.

Mzee anapoletwa hospitali akiwa na homa, sisi wauguzi humwuliza kama amesafiri siku za karibuni, na alikwenda wapi. Swali hili hutusaidia kujua kama alipita sehemu yenye malaria nyingi. Majibu yanafanana mno. "Nilikwenda kumzika shemeji." "Nilikuwa kwenye arobaini ya kaka yangu." "Watoto walinipeleka Dar es Salaam kupimwa moyo." Ni nadra sana tusikie mzee akisema kwamba alikwenda kutazama tembo, au alimpeleka mkewe kuona bahari. Mtu amefanya kazi miaka 30, miguu bado inambeba, lakini safari zake zote ni za msiba na za hospitali.

Sisi tunaona jambo hili haliko sawa. Maoni yetu ni haya: matembezi ya kuiona nchi ni sehemu ya afya ya mstaafu, na familia inayomfungia nyumbani, hata kama inafanya hivyo kwa upendo, inampunguzia afya.

KUKAA BURE KUNAUMIZA

Katika utumishi wa umma hapa kwetu mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wengi hustaafu kwa lazima wakitimiza miaka 60. Hadi siku ile ya mwisho mtu huamka saa 11 alfajiri, hutembea hadi shuleni, zahanati au ofisini, husalimiana na watu wengi, huulizwa maswali, huagizwa na kuagiza. Siku ya pili yake kiti kinatolewa barazani, naye anaketi. Miguu haina kazi. Uzito unapanda, na shinikizo la damu na sukari vinafuata. Mchana anasinzia, kwa hiyo usiku hapati usingizi, na usiku usio na usingizi huleta mawazo.

Watu wakiona mstaafu amedhoofu haraka husema, "Mafao yamemmaliza." Mafao hayammalizi mtu. Yale tunayoyaona sisi katika kliniki ni kukaa bila kujongea, kula na kunywa pombe bila mpango, kuacha dawa, na upweke wa mtu ambaye hakuna tena anayemwuliza jambo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, pamoja na wale wenye miaka 65 na zaidi, waushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Mwambie mzee wetu "fanya mazoezi", atacheka. Anadhani unamtaka akimbie mchakamchaka. Lakini mpeleke Isimila, karibu na mji wa Iringa, akaone zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo ndefu zilizochongwa na mvua na upepo. Atashuka bondeni, atazunguka, atapanda, atauliza maswali, na jioni atalala usingizi mzuri. Atakuwa amefanya mazoezi bila kutazama saa. Tena atakuwa na habari ya kusimulia mwezi mzima, na mzee mwenye habari hutafutwa na watu.

SABABU TUNAZOZISIKIA

Ya kwanza ni fedha. "Sista, kutembea ni kwa Wazungu na matajiri." Tunajua mafao hayatoshi, wala hatumwambii mtu auze shamba. Lakini hebu tuangalie. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha hifadhi zetu kwa shilingi, na ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni. Anachohitaji ni kitambulisho chake. Aidha, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Abiria wa basi la kawaida anaweza kuona twiga, pundamilia na tembo akiwa kitini pake. Wangapi kati yetu tumepita pale tumelala, kichwa kimeegemea kioo, kwa sababu tulikuwa tunawahi mazishi?

Kwa sisi wa nyanda za juu kusini, mambo ya kuona yako mlangoni. Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa, kuna makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hujaa maua ya kila rangi wakati wa mvua. Rungwe kuna Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Ukishuka Kyela unafika Matema, Ziwa Nyasa likiwa mbele na milima ya Livingstone pembeni. Mwenye uwezo wa kufika mbali zaidi aende Bagamoyo, akaone misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, kisha apande treni ya umeme ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma.

Na juu ya fedha tuna neno moja gumu. Mzee akifariki tunachanga haraka sana. Sanduku linapatikana, basi la waombolezaji linapatikana, ng'ombe anapatikana. Mtoto ambaye hakuwahi kumlipia baba nauli ya kwenda Matema huagiza sanduku la gharama kubwa. Hatuupingi mchango wa msiba, ni desturi njema. Tunaomba sehemu ndogo ya mchango ule itolewe mapema, wakati mwenyewe bado anaweza kuketi dirishani na kutazama nje.

Sababu ya pili ni nyumba na wajukuu. "Bibi akiondoka nani atabaki na watoto?" Hapa akina mama ndio wanaoumia zaidi. Baba akistaafu amestaafu, lakini mama aliyestaafu ualimu hurudi nyumbani kuanza kazi mpya ya kupika, kufua na kulea wajukuu wanne, bila likizo. Tunawapongeza mabibi wanaolea, maana wengi wao wanalea yatima, na bila wao tungekuwa na watoto wengi wenye utapiamlo. Lakini hata mlinzi wa godauni ana zamu. Siku tano kwa mwaka, ndugu wapokezane, bibi apumzike.

Sababu ya tatu ni ugonjwa. "Mama ana presha, asitoke." Presha inayotibiwa na kudhibitiwa haimzuii mtu kusafiri. Kisukari kinachodhibitiwa hakimzuii. Kinachohitajika ni maandalizi, na hayo tutayaeleza hapa chini.

Sababu ya nne haisemwi, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: "Tutakwenda baadaye." Tuliwahi kumwuguza mama mmoja ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori. Baba yule alikuwa ameifahamu nchi nzima, naye mkewe alikuwa hajavuka mkoa. Walikuwa wamekubaliana kwamba baba akistaafu atampeleka mama akaone bahari. Baba akastaafu, wakaona kwanza waanze nyumba. Nyumba ilipoezekwa wakaona kwanza wapige plasta. Kisha mama akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Kila jioni baba aliketi kando ya kitanda akamsimulia bahari ilivyo, maji yanavyokuja na kurudi, harufu yake, jahazi zinavyotweka. Mama alisikiliza kwa makini sana. Alifariki bila kuiona. Nyumba ipo, na ni nzuri.

KABLA YA SAFARI

Wiki mbili kabla ya kusafiri, mzee aende kituo cha afya apimwe shinikizo la damu na sukari, na achukue dawa za kumtosha siku zote za safari na wiki moja ya ziada, maana gari huharibika na madaraja hukatika. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Zisiwekwe ndani ya sanduku linalofungiwa kwenye buti la basi. Majina ya dawa na kiasi chake yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya ndugu. Kadi ya bima ya afya, kama ipo, isisahauliwe.

Wazee wetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanaweza kusafiri kama wengine. Waongee mapema na kliniki yao ili wapewe dawa za kutosha, wachukue na kadi yao, na wasiruke hata siku moja kwa kuogopa kuonwa. Dawa inaweza kumezwa chumbani, hakuna anayehitaji kuelezwa.

Anayetumia insulini asiiweke karibu na kioo cha mbele cha gari wala kwenye buti, kwa sababu joto huiharibu. Wala isigandishwe, maana iliyoganda haifai tena. Chukua chupa ya chai, ipoze kwa maji baridi, mwaga maji, kisha weka insulini ndani ikiwa imefungwa kwa kitambaa safi. Mgonjwa wa kisukari awe na chakula kidogo mkononi, na awe na sukari au glukosi. Akianza kutoka jasho, kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka: mpe sukari au soda ya kawaida mara moja kama anaweza kumeza, kisha mpe chakula.

Wapo wanaopaswa kungoja kwanza. Aliyepata maumivu ya kifua au kiharusi wiki za karibuni, aliyefanyiwa upasuaji juzijuzi, anayevimba miguu huku akihema kwa shida, mwenye presha isiyoshuka hata kwa dawa, na mwenye homa: hawa wasisafiri kabla ya kumwona daktari.

NJIANI

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini sisi tunashauri mzee asafiri mchana. Mchana anaona nchi, anaona anapokanyaga akishuka, na akiumwa ni rahisi kupata msaada. Achague kiti cha sehemu ya mbele au ya katikati, maana nyuma kabisa basi hurusha na mgongo wa mzee hauhimili. Afunge mkanda, hata kama abiria wengine hawafungi.

Kukaa kitini muda mrefu kunaweza kufanya damu igande ndani ya mishipa ya miguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: hatari hiyo huongezeka karibu maradufu mtu akisafiri saa 4 au zaidi akiwa ameketi tu. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, na kinga yake ni rahisi. Ukiwa kitini, kanyaga sakafu kwa vidole na kisigino kwa zamu, kama fundi anayekanyaga cherehani, dakika chache kila saa. Basi likisimama, shuka utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kuhema ghafla, hata siku kadhaa baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuongee bila aibu juu ya choo. Wazee wengi, hasa akina mama, hawanywi maji siku ya safari kwa kuogopa kumsumbua dereva. Wengine huacha vidonge vya presha vile vinavyotoa maji mwilini. Yote mawili ni hatari. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo mwili hukauka bila yeye kujua, naye huzunguzwa na kuanguka. Anywe maji kidogo kidogo njia nzima. Vidonge asiache, ila amwulize daktari kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa siku ile. Kuhusu akina baba wenye tezi dume iliyokua, kubana mkojo saa nyingi kunaweza kuufunga kabisa, mtu akafika mwisho wa safari tumbo limejaa na anapiga kelele kwa maumivu. Piritoni na vidonge vingine vya mafua huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo panda basi, mwambie kondakta mapema: "Mwanangu, mimi ni mzee, nitahitaji kuchimba dawa." Atakuheshimu. Pasipo na choo, mtu asiende mbali na barabara, wala asivuke upande wa pili.

Kula chakula kilichopikwa kikaiva na bado cha moto. Matunda menya mwenyewe. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa nyumbani.

MKIFIKA

Wenyeji wa Njombe na Makete, tukumbuke kwamba kwetu malaria ni kidogo, na kwa sababu hiyo miili yetu haina kinga kubwa. Tukishuka Kyela, Matema au pwani, tulale ndani ya chandarua kilichowekwa dawa, na jioni tuvae mikono mirefu. Homa inaweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani tukiwa tumekwisha rudi nyumbani. Homa yoyote baada ya safari ipimwe, na mwambie anayekupima mahali ulikokwenda.

Kwa wanaokwenda Kitulo, uwanda ule uko juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Ni baridi, na hewa ni nyepesi. Tembeeni polepole, vaeni sweta na kofia, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu aulize daktari kwanza. Kwa wanaoingia Mikumi au Ruaha, mbung'o hupenda nguo nyeusi na za buluu, hivyo vaeni rangi ya udongo. Kwenye maziwa, epukeni kuoga mahali penye maji yaliyotulia na majani mengi, maana konokono wa kichocho hupenda mahali hapo.

WANAOENDESHA GARI WENYEWE

Wapo wastaafu wenye gari dogo, na hawa wana raha yao: husimama wanapotaka. Lakini macho ya miaka 60 si ya miaka 30. Mtoto wa jicho hufanya taa za gari linalokuja zitawanyike usiku. Presha ya macho hula uono wa pembeni kimya kimya, bila maumivu. Pimeni macho kwanza. Endesheni mchana, pumzikeni robo saa kila baada ya saa mbili, msimeze piritoni wala kuonja pombe, na pale Kitonga msishindane na malori. Mwenye haraka apite.

NENO KWA WATOTO

Mwisho, tuwaombe ninyi watoto wa wastaafu. Msimwulize mzazi, "Umri huu unakwenda kutafuta nini?" Mwulizeni, "Baba, ungependa kuona nini? Mama, wewe je?" Wengi watajibu kwanza kwamba hawataki kitu, maana wamezoea kujinyima kwa ajili yenu. Msiishie hapo. Rudini kuuliza wiki inayofuata, na mje na nauli.

Wasio na watoto wenye uwezo wanaweza kuungana wenyewe. Wastaafu kumi wa mtaa mmoja wakiweka kidogo kidogo kila mwezi, mwisho wa mwaka wanakodi basi dogo, wanatembea siku mbili na kurudi. Mmoja wao mara nyingi ni muuguzi au tabibu mstaafu, basi abebe yeye sanduku la huduma ya kwanza na kipimo cha presha. Nyanda zetu hizi zina baridi kali Juni na Julai, na mvua kubwa Machi na Aprili. Kwa hiyo Agosti hadi Oktoba panga Mikumi, Ruaha au Matema, na maua ya Kitulo yangojeeni Desemba mvua zikianza.

Ndugu wastaafu, mmetufundisha, mmetutibu, mmetujengea barabara hizo hizo. Zipiteni na ninyi mkiwa hai na macho yenu yakiona. Tunawatakia afya njema na safari njema.